Baba ameingilia foleni ya nyimbo za mama

Watu wangu, leo baba ametuaibisha na hata hakuwa ndani ya nyumba.

Mama alikuwa na wageni, wale wamama wa kanisa hapa Giakanja. Akaniambia nipange nyimbo za kuabudu kwa TV, zifuatane zenyewe.

Wimbo wa kwanza, sawa.
Wa pili, wamama wamefunga macho, mikono juu.

Wa tatu haukuwa wimbo.

Ni ng'ombe anazaa. Skrini nzima, na sauti iko juu!

Kumbe simu ya baba pia imeunganishwa na hiyo TV. Mzee ako zizini anajiwekea video za kutazama jioni, na zote zinaingia kwa foleni yangu.

Nikakimbilia rimoti. Mwenyekiti wao akafungua jicho moja.

"Wacha kwanza, tuone kama huyo ndama atatoka."

Ndama akatoka. Wakapiga makofi! Ni mama tu alinuna.

Sasa wageni wameenda, na baba ameshasikia alichofanya. Wimbo mama anaoupenda sana umecheza, ukaisha, ukaanza tena.

Mimi sijagusa kitu, na baba bado amejificha zizini na simu yake.

Wazee wa kwenu huomba msamaha aje?