Alasiri Baba Otis Aliporudi Kanisani

Jumapili iliyopita, kanisani kwetu Migosi, nilimwona mwanamume aliyenuka pombe akisitasita mlangoni. Nikamkumbuka Baba Otis, jirani yetu kule Kombewa, aliyeacha kanisa kwa sababu ya chang'aa, pombe kali ya kienyeji.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, aliingia tena kanisani ngoma zikilia, akitetemeka, na harufu ile kali ikaingia naye. Watu wakaangalia pembeni. Dani, nyanya yangu, akasogea kwenye benchi na kumwita mbele ya wote, "Baba Otis, kuja ukae na sisi. Tumekungoja sana."

Akaketi kati yetu. Dani akaushika mkono wake, hakuuachilia hadi wimbo wa mwisho. Mimi nilidhani ana malaria, nikanong'ona, "Dani, tumpeleke hospitali."

"Ni mgonjwa, ndiyo," akasema. "Ndiyo maana hatumwachi peke yake."

Kumbe ulikuwa ugonjwa wa miaka. Alirudia pombe mara nyingi, na kila mara Dani na akina mama wa kanisa walimfuata nyumbani na uji wa wimbi. Mwishowe aliacha.

Tulipomzika Dani, Baba Otis alisimama kaburini akasema, "Mama huyu hakuwahi kuniuliza nilikuwa wapi."