Vyumba Vilivyoitwa Duni

Mwezi uliopita shule yangu ya msingi iliniita. Mwalimu mkuu wa sasa, dada mmoja mwenye adabu zake, alipata namba yangu kwa jirani yetu wa zamani, akanipigia nikiwa kwenye cherehani yangu sokoni Kimironko, hapa Kigali. Alisema wanafungua jengo jipya la ghorofa, wanataka wanafunzi wa zamani wawepo, na mmoja wetu aseme maneno machache ya shukrani. Nilikubali palepale. Nilijishonea gauni la kitenge, nikafunga kibanda mapema, nikapanda basi hadi upande wa pili wa mji, kule Rwezamenyo inapokaribiana na Nyakabanda, nikaupanda ule mteremko kwa miguu kama zamani.

Nilifika nikiwa na furaha, rafiki yangu. Sitaki ufikiri nilikwenda kutafuta ugomvi. Lakini langoni wameweka ubao mkubwa wenye historia ya shule, kwa Kinyarwanda na kwa Kiingereza, na mimi husoma kila kilichoandikwa ukutani. Ulisema shule ilianza na vyumba duni vya udongo, na kwamba leo, kwa ukarimu wa wafadhili, ina jengo la kisasa. Basi. Miaka yote ile ni mistari miwili. Nilisimama pale jua likinichoma shingoni, nikilisoma lile neno moja. Duni.

Ngoja nikueleze vile vyumba vilikuwa nini.

Nilipoanza darasa la kwanza kulikuwa na vyumba vitatu tu, na watoto tulikuwa wengi mno. Tulisoma kwa zamu, nusu asubuhi, nusu mchana. Sisi wa mchana tulikaa nje kwenye nyasi, kwenye vumbi jekundu, tukisikiliza wenzetu wakiimba jedwali la kuzidisha, mpaka tulipoingia tulikuwa tumeshalijua. Wasichana tulivaa gauni la bluu, wavulana kaki, na wote tulinyolewa vipara, kiasi kwamba kwa mbali mama asingeweza kumtambua mwanawe. Ilipoadhiniwa adhuhuri kwenye msikiti wa chini, tulijua zamu inabadilika. Hatukuwa na kengele.

Nililelewa na bibi. Alizaliwa Ujiji, akaolewa na dereva wa lori aliyemleta Kigali, na Kiswahili chake hakikuchuja hata siku moja. Sisi watoto tulichanganya r na l kama watu wote wa hapa. Nikisema "nimerara", alinifanya nirudie hadi niseme "nimelala", ndipo anipe kikombe changu cha uji wa mtama. Hakuwahi kusoma shule. Nadhani ndiyo sababu aliipenda ile shule kuliko mtu yeyote mtaani.

Nilipokuwa darasa la tatu, wazazi waliamua kujenga vyumba viwili wenyewe. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, watu wote wanapotoka kufanya kazi za mtaa, akina mama wa mtaa wetu walikuja shuleni. Walichimba udongo kwenye ukingo wa nyuma ya shule, wakamwaga maji waliyobeba kichwani kwa madumu, wakatupa nyasi zilizokatwakatwa, kisha wakaukanyaga. Waislamu na Wakristo, waliojifunga vitenge kiunoni, magoti yote mekundu. Udongo uliingizwa kwenye kalibu ya mbao, tofali likatolewa, likafunikwa kwa majani ya migomba lisipasuke kwa jua. Bibi yangu alikanyaga udongo ule na miguu yenye baridi yabisi. Jioni nilimchua kwa maji ya moto na chumvi, naye akanihesabia matofali waliyotoa siku hiyo, kama mtu anayehesabu watoto wake.

Aliyepima ni mwalimu wetu wa hesabu. Alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kongo, na kusomea ualimu huko, mtu mwembamba, mwenye koti moja la kahawia alilolivaa masika na kiangazi. Ile misingi aliipiga kwa kamba na vijiti vinne. Halafu alitutoa darasani, akatuzungusha kwenye kamba, akatuuliza tumetembea hatua ngapi. Huo ndio mzingo, alisema. Akatuuliza ndani yake ingeenea mikeka mingapi. Hilo ndilo eneo. Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, na sheria ilisema afundishe kwa Kifaransa, lakini alilisoma swali kwa Kifaransa, akalieleza kwa Kinyarwanda, na aliyebaki na uso uliokunjamana alielezwa kwa Kiswahili. Hakuna aliyetoka bila kuelewa. Ukuta ulipokuwa unapanda, alituuliza kila wiki yamebaki matofali mangapi, tukakokotoa, na akina mama wakatengeneza idadi tuliyowaambia. Fikiria hilo. Watoto wa miaka tisa waliwaambia mama zao hesabu, na ukuta ukatimia.

Vyumba vilipokwisha, zamu ya mchana ikaondolewa kwa madarasa ya juu. Nilisoma darasa la nne na kuanza la tano ndani ya chumba ambacho matofali yake niliyajua. Udongo ule ulikuwa na harufu yake mvua ilipopiga. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vyumba duni.

Kisha ikaja amri ya lugha. Mimi sina ugomvi na Kiingereza. Wateja wangu wengi leo wanakizungumza na ninajua kuwapima mabega kwa Kiingereza. Ugomvi wangu ni jinsi kilivyokuja. Tulifunga shule tukisoma kwa Kifaransa, tukafungua tukisoma kwa Kiingereza. Walimu walipewa mafunzo ya likizo moja. Likizo moja, mtu aliyefundisha maisha yake yote kwa lugha nyingine. Mwalimu wetu alirudi na daftari lililojaa maneno, akalibeba kwenye mfuko wa ndani wa koti, na wakati wa mapumziko tulimwona kando ya ukuta akisoma huku midomo ikimtembea.

Mwezi ule wa kwanza akaja mkaguzi. Alikuwa bwana mwenye tai, akakaa nyuma na karatasi zake. Mwalimu wetu, nadhani kwa kutaka kusimama mahali anapopajua, akachagua somo la mzingo na kutuonyesha ukuta wetu wenyewe. Akasema kwa Kiingereza sentensi moja. Watoto wawili waliokuwa wamerudi na wazazi wao kutoka Uganda wakacheka. Mkaguzi akatabasamu, akaandika. Na darasa zima likacheka.

Nami nilicheka. Nataka ulijue hili kabla hujaendelea kunisikitikia. Nilicheka kwa sauti, mkono mdomoni, bila kujua ninachekea nini. Miaka ilipita ndipo nikaelewa. Alitaka kusema ukuta huu ni mrefu. Akasema ukuta huu ni makosa. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili, long na wrong, hutengwa na r na l, zile zile zilizotushinda sote.

Mwalimu wetu aliweka chaki mezani taratibu, kama anaogopa itavunjika. Mkaguzi akasimama, akatuuliza swali kwa Kiingereza, akalirudia. Baadaye mmoja wa wale watoto wa Uganda alituambia ametuuliza mzingo ni nini. Mzingo! Nilikuwa nimeutembea kwa miguu yangu. Ningeweza kumwambia hatua ngapi, matofali mangapi, mpaka na mama gani alifinyanga tofali la pembeni. Nilikaa nikimtazama kama mbuzi. Mkaguzi akaandika kwamba hatujui kitu.

Mwalimu wetu hawakumfukuza. Kama wangemfukuza, labda ningekuwa na mtu wa kumlaani. Walimshusha darasa la kwanza kuimba herufi, kisha wakampa ufunguo wa stoo ya vitabu, kisha siku moja ufunguo ukawa kwa mtu mwingine, naye hatukumwona tena shuleni. Nafasi yake akapewa kijana aliyejua Kiingereza na hakujua hesabu.

Bibi alikwenda kwa mwalimu mkuu wa wakati ule. Alijifunga ushungi wake wa Ijumaa, akanishika mkono, tukaingia ofisini. Mwalimu mkuu alieleza kwa upole kwamba amri imetoka juu, kwamba dunia inabadilika, kwamba yeye mwenyewe anajifunza. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "huyu mtoto alikuwa anajua hesabu. Sasa anajua nini?"

Yule bwana alitazama meza. Akasema, "Mama, na mimi naogopa."

Tulirudi nyumbani. Bibi akamenya mihogo yote iliyokuwamo ndani, hata ile ya kesho.

Kwenye mtihani wa darasa la sita nilikaa mbele ya maswali kama mtu aliyewekewa chakula nyuma ya kioo. Nambari nilizitambua. Maneno yaliyozifunga sikuyajua. Nilishindwa, na wenzangu wengi wa chumba kile walishindwa, na tuliambiwa tulikuwa darasa zito. Nilipelekwa kujifunza ushonaji. Naipenda kazi yangu, usinielewe vibaya. Lakini sikuichagua mimi, na aliyeichagua hakuniuliza.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo kifuani nikiwa langoni mbele ya ule ubao. Nilimtafuta yule dada mwalimu mkuu, nikamwambia vile vyumba vilijengwa na wazazi, na mwalimu aliyevipima hatajwi. Alinisikiliza, na uso wake ulionyesha kwamba hakuwahi kulisikia hilo. Kisha akatazama wageni waliokuwa wanaingia.

"Dada," akaniambia, "ubao iko na nafasi kidogo. Tutaona."

Nilipoitwa kusema shukrani, nilisimama mbele ya maikrofoni. Niliwashukuru wafadhili, kwa kuwa jengo ni zuri na halina kosa. Kisha nikasema, "Mahali mlipoweka viti vyenu palikuwa na vyumba viwili. Mama zetu walivijenga kwa miguu yao. Havikuwa duni." Nikataja kazi ya mwalimu wa hesabu, nikasema hata sisi tulimcheka. Mtafsiri aliwatafsiria wageni kwa kifupi sana. Nilimsikia akimaliza kabla sijapumua. Wakapiga makofi. Watoto wakaimba. Kikongwe mmoja kwenye viti vya nyuma alisimama akitegemea mkongojo, na hakukaa mpaka nilipokaa mimi. Yeye pia alikanyaga udongo ule. Nilimtambua.

Baada ya shughuli nikamuuliza yule kikongwe kama mwalimu bado yu hai. Akanielekeza Nyakabanda, nyuma ya mafundi seremala. Nilimkuta akitengeneza mguu wa kiti, mzee sasa, miwani imefungwa kwa uzi. Nilijitambulisha kwa jina la bibi yangu na akasimama kabisa kwa heshima ya bibi. Alinipa kigoda, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa. Nikamweleza yote, ubao, neno lile, hotuba yangu. Nilisema kwa hasira hata chai ikanimwagikia.

Alicheka kidogo. "Ile vyumba ilikuwa inavuja, mama. Unasahau? Tulikuwa tunaweka sufuria."

Sikucheka. Nilimwambia kwamba siku ya mkaguzi na mimi nilikuwamo katika kucheka, na kwamba nimekuja kuomba radhi.

Aligeuza ule mguu wa kiti mikononi. "Sikumbuki nani alicheka," akasema. "Nakumbuka nilirudi nyumbani, nikaambia mke wangu, leo nimekuwa mjinga. Akaniambia kula kwanza." Akanitazama juu ya miwani. "Mulikuwa watoto. Miye naliacha zamani, binti yangu. Na weye uache."

Nilimbusu mkono nikaondoka. Njia nzima hadi kituo cha basi nilikuwa nimekasirika zaidi kuliko nilivyofika. Kama angelia, kama angelaani, ningejua kuna kitu kimebaki kwake. Walichukua darasa, wakachukua heshima, na muda ukapita mpaka hasira yenyewe ikamwishia mzee wa watu, akabaki kukumbuka mapaa yaliyovuja. Nami nimebaki nayo peke yangu, na siachi.

Bibi amekwisha kufariki. Kati ya mama waliokanyaga udongo ule, wanaotembea bado wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ukuta ulibomolewa kwa siku moja na mashine, na udongo wake ukamwagwa kwenye bonde, ukawa udongo tu. Watoto wa leo wanasoma juu ya ghorofa yenye vioo, wanazungumza Kiingereza safi, na hakuna atakayewaambia kwamba mtaa wao uliwahi kujijengea shule kwa hesabu zilizofanywa na watoto. Ubao ndio utakaowaambia, nao unasema duni.

Nimempigia mwalimu mkuu mara mbili tangu siku ile. Mara ya kwanza alisema wanasubiri fundi wa ubao. Mara ya pili simu iliita ikakatika. Nitapiga tena Jumatatu.