Nilisema Vidonge Vile ni vya Nambozo

Nimekosa, na safari hii sitafuti mtu wa kumbebesha kosa langu. Nilishambebesha mmoja. Ndiyo maana naandika.

Mimi ni msichana, nimemaliza chuo, nimekulia Bugembe karibu na Jinja, kwa baba askari magereza mstaafu. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa rovu. Tezi yote ya shingoni ikatolewa. Daktari akaniambia, "Kuanzia leo, kidonge kimoja kila alfajiri, tumbo likiwa tupu, maisha yako yote." Maisha yangu yote! Nilikuwa nimejiandaa kwa kisu tu. Hilo la maisha yote sikulitegemea.

Kisha shangazi yangu, Senga kama tunavyomwita kwetu, akanipatia kazi ya kufundisha Mbale. Alimwambia mwalimu mkuu, "Huyu mtoto amepona kabisa." Nikaenda kuishi kwake Nabuyonga, chumba kimoja na binti yake, Nambozo.

Hapo akili yangu ikaanza kazi yake. Kwetu mtu akimeza dawa kila siku, watu hawaulizi, wanakata shauri: ana kirusi cha UKIMWI. Nikafikiri, shangazi akiniona atasema nimemdanganya. Mwalimu mkuu akisikia atanifukuza. Nikabandua karatasi yenye jina la dawa kwenye kichupa. Nikajaza pamba ndani ili vidonge visichakarike. Nikawa naamka kabla ya wote, nameza, narudi kitandani kungoja saa ya chai. Mjinga mimi! Lile jina nililolibandua ndilo lingenitetea.

Jumamosi moja shangazi alikuwa anafagia chumba chetu, akakiona kichupa chini ya godoro. Akaja nacho uani.

"Hii dawa ya nani?"

Nambozo alikuwa sokoni. Nilikuwa nimeandaa majibu kumi, yote marefu. Likanitoka fupi.

"Nilimwona nayo Nambozo, Senga."

Banange, jamani! Hata leo nikiyaandika maneno hayo mkono unakuwa mzito.

Nambozo alikuwa amechumbiwa. Wazazi wa kijana, watu wa kule chini ya mlima Wanale, walikuwa waje nyumbani mwezi uliofuata. Aliporudi na nyanya zake, mama yake alimpokea mlangoni.

"Twende kliniki."

"Mama, naumwa nini?"

"Wewe ndiyo utaniambia!"

Walipimwa wote wawili, mama akitaka kumwonyesha kwamba haogopi. Majibu yakawa safi, na Nambozo akaapa kwamba kichupa hakijui, ila mama yake hakumwamini. Lakini jirani alikuwa kwenye foleni ileile, na uvumi haukungoja majibu. Wazazi wa kijana hawakuja. Walituma salamu, kisha hata salamu zikakoma.

Na mimi? Nilinyamaza. Kila siku nilijiambia nitasema kesho, nikapanga sentensi, nikazipangua. Kichupa kilikuwa kwa shangazi, na kununua kingine niliogopa. Nikaacha dawa.

Mwili haukugombana nami kwa haraka. Kwanza baridi, hata juani. Kisha uso ukavimba, sauti ikakwaruza, miguu ikawa kama imejazwa mchanga. Nambozo ndiye aliyenichemshia maji ya kuoga. "Dada, wewe unafikiri sana, utajiua," alinitania. Nikayaoga yale maji! Nikasema asante!

Siku moja nikasinzia nimesimama ubaoni. Nilisikia kwa mbali, "Madam amelala na chaki mkononi!" na kicheko, kisha sakafu.

Hospitalini daktari aliona kovu shingoni. "Tezi ilitolewa yote? Kidonge chako unameza?"

Shangazi akadakia, "Kidonge gani, Daktari?"

"Cha kila siku. Cha kufanya kazi ya tezi. Hakuwaambia?"

Nambozo alikuwa ameshika chupa ya chai. Akaiweka chini taratibu, akatoka nje.

Baadaye nilimwomba msamaha, nikapiga magoti. Akasema, "Ungeniambia ni vyako, ningekufichia mimi mwenyewe." Basi. Sasa tunasalimiana kama wapangaji. Kazi ninayo bado. Mwalimu mkuu aliniuliza tu kama nahitaji kiti darasani. Kumbe hofu yangu yote ilikuwa ya kiti!

Nimerudia dawa. Nguvu zinarudi polepole, kipimo cha damu kinaenda vizuri. Lakini nimechoka kwa namna ambayo kidonge hakiifikii.

Ndugu msomaji, kama umetolewa tezi, meza dawa yako mbele ya watu. Wakikuuliza, waambie. Wakisema una kirusi, waache waseme. Hata mwenye nacho hana kosa la kumeza dawa yake. Ukiona ni lazima useme uongo, jisingizie mwenyewe. Usimtaje aliye sokoni, asiyejua kwamba anatajwa.