Siku Nilipowaombea Wageni Makaa ya Mawe

Nyinyi mnaonicheka tayari, ngojeni kwanza nikae sawa, maana jambo hili nililificha tangu baridi ya mwaka jana, na kama Papa Kalala asingelisema pale nje ya kanisa, mbele ya watu, huku amenishika bega na kucheka mpaka machozi, ningekwenda nalo kaburini. Mimi ni mzee wa kanisa. Nimeomba kwenye harusi na kwenye matanga, nimeombea maduka mapya, nimeombea hata gari la jirani ambaye haji kanisani, na sikuwahi kumwona mtu akijuta kwa kuniambia, "Mzee, tuombee." Siku hiyo walijuta. Mimi mwenyewe nilijuta kabla sijafika kwenye Amina.

Naishi hapa Johannesburg kwa binti yangu Wambui, tangu mama yake alipoitwa na Bwana kule nyumbani Kenya. Wambui alikuwa na kazi nzuri ya benki huko Sandton, mtaa wa matajiri, na akaiacha ili auze machungwa ya Limpopo nchi za nje (nilimwuliza kama amepima jambo hilo kwa maombi, akasema amelipima kwa kompyuta). Miaka ya kwanza Mungu alimfungulia njia. Halafu mnunuzi wake mkubwa akahamia kwa wakulima wa nchi nyingine, na machungwa, kama mnavyojua, hayangoji mtu amalize huzuni yake, yanaiva tu. Tumaini lililobaki lilikuwa kampuni moja ya Aisilandi, ile nchi ndogo ya Ulaya iliyo peke yake baharini, kaskazini kabisa, ambayo ilikuwa inawatuma watu wawili waje kuonana naye.

"Hawa wakikataa, Baba, nafunga," aliniambia. "Itabidi niwaambie kina mama wanaochuma kwamba msimu huu hakuna kazi."

Aliyasema hayo bila kulia, na hilo ndilo lililonitisha, maana Wambui akilia, mambo huwa hayajawa mabaya sana.

Sasa, mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia kabla sijastaafu, na katika masomo yangu Aisilandi ilikuwa mistari miwili ubaoni: wanauza samaki, wanaagiza makaa ya mawe, mbao, nafaka na mafuta. Nilimwimbia Wambui mistari hiyo kwa fahari, kama watoto walivyoniimbia mimi.

"Aki Baba, hayo ni ya enzi za babu zao," akasema. "Makaa ya kupashia nyumba waliachana nayo kitambo. Maji ya moto yanatoka ardhini, kama mvuke wa kwetu Naivasha. Siku hizi wanaagiza magari, mashine, na ule unga mweupe wanaouyeyusha kupata alumini, kwa sababu umeme wanao wa kutosha. Hata nyanya wanalima wenyewe, ndani ya nyumba za vioo."

"Na machungwa?"

"Machungwa bado wanaagiza." Akaigeuza simu yake mezani. "Bado, Baba. Lakini hata nyanya kuna wakati walikuwa wanaagiza zote."

Basi hiyo "bado" iliniingia kama mwiba wa samaki. Mengine yote aliyonieleza yaliruka kama makapi, ikabaki hiyo. Nikiosha uso naisikia, nikisoma zaburi naisikia, nikimwona Wambui amekaa na simu yake anasubiri hao wageni wathibitishe safari, naisikia. Nilianza kuzichukia nyumba za vioo ambazo sijawahi kuziona.

Wageni wakathibitisha. Wambui akaamua kuwaalika chakula cha mchana nyumbani Jumamosi, wamwone alivyo, wasione karatasi tu, na mimi akanipa kazi moja: "Utabariki chakula, Baba. Fupi. Kama ya chai."

Nami hapo ndipo nilipofanya lile jambo dogo lililozaa yote. Nilimwalika Papa Kalala.

Papa Kalala ni Mkongo wa Lubumbashi, amepanga chumba mtaa wa Berea, na kanisani ndiye mkalimani wetu: wazee tunaomba na kuhubiri kwa Kiswahili, naye anasimama kando anatafsiri kwa Kiingereza, kwa ajili ya vijana wetu waliozaliwa huku. Ni mtu mwema na yuko peke yake. Nami niliogopa kukaa katikati ya wageni wakubwa bila mtu wa kunisindikiza kwa macho. Wambui alikuwa amesema ni watu wa nyumbani tu. Nilijiambia kwamba Kalala ni kama wa nyumbani. (Aliyeniambia hivyo ni woga wangu, si Roho Mtakatifu.)

Siku yenyewe ilikuwa baridi ile ya Johannesburg ya mwezi wa sita, nje jua linawaka na ndani ya nyumba ni kama kaburi, na tangu asubuhi umeme ulikuwa umekatika, hita imekaa pale kama pambo. Wageni wakafika: mama mmoja wa makamo, Bi Helga, ambaye ndiye mwenye uamuzi, na kijana mrefu aliyekuwa msaidizi wake. Tukawakaribisha, mimi, Wambui na Papa Kalala, wakakaa, na makoti yao hawakuyavua. Bi Helga hakuvua hata glavu. Nikamwona yule kijana akijikumbatia kwa mikono yote miwili, na moyo wangu wa mzee ukajaa huruma, nikasema moyoni, masikini, hawa watu wamezaliwa kwenye barafu na hata huku barafu imewafuata.

Wambui akaniangalia. "Baba, karibu utuombee." Kwa Kiingereza akawaambia wageni kwamba kwetu ni desturi.

Nikasimama, nikafumba macho, nikaanza kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza ninakijua ila sijawahi kukitumia kwa Mungu. "Baba yetu uliye mbinguni, tunakushukuru kwa siku hii."

Na hapo, upande wangu wa kushoto, nikasikia kiti kinasogezwa, na ile sauti ya Jumapili ikaanza kutafsiri.

Nawaambia ukweli, sikushtuka! Ndiyo ajabu yake. Mtu ambaye ameomba na mkalimani miaka yote hiyo, akisikia sauti ile, anafanya kama ng'ombe anayesikia nira: ananyamaza, anangoja, mwenzake akimaliza anaendelea. Nami niliona hata ni vizuri, wageni wataelewa. Kisha nikataka wajue kwamba nchi yao ninaifahamu, na ulimi ukashika njia uliyoizoea tangu ubaoni.

"Ewe Bwana, nchi yao ni ndogo na baridi yake ni kali. Hawana makaa, hawana mbao, kila kitu wanaagiza kutoka nje."

Kalala akatafsiri.

"Uwaletee makaa ya mawe, Bwana. Wasife kwa baridi katika nyumba zao."

Kalala akatafsiri, na kwa kuwa alikuwa amepata moto, akaongeza meli za kubebea hayo makaa, akaongeza na vitoto vyao vinavyotetemeka vitandani (mimi sikutaja vitoto). Nikasikia mtu anakohoa. Nilidhani ameguswa.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa mzee mjinga tu, na ujinga si dhambi. Lakini nilipofika kwenye kazi ya Wambui, ile hofu niliyokuwa nimeikalia wiki nzima ikanizidi nguvu, na nikasahau kabisa kwamba kuna watu. Nilibaki mimi na Mungu wangu, kama ninavyokuwa alfajiri chumbani.

"Bwana," nikasema, "unajua mtoto wangu anavyoogopa. Nyumba zao za vioo, Bwana, uzizuie. Zisizae machungwa kamwe. Waendelee kununua ya Wambui."

Nikasikia Kalala anavuta pumzi.

Nikafumbua macho. Ndugu zangu, sijui niwaeleze vipi pumzi ile ilivyokuwa ndefu. Nilinyoosha mkono nikamshika mkono wa koti kumzuia, naye, akiwa amefumba macho, akadhani nimemgusa ili tuungane katika maombi, akaushika mkono wangu, akauinua juu, akapaza sauti kuliko mwanzo. Kwa Kiingereza safi kabisa akamwomba Mwenyezi Mungu azifunge matumbo nyumba za vioo za Aisilandi zisione chungwa hata moja, milele na milele, ili watu wake wamtegemee dada Wambui. Kisha akasema Amina, na akangoja tuitikie.

Hakuna aliyeitikia. Kijana mrefu alikuwa anaitazama sahani yake tupu. Wambui amekuwa rangi ya majivu. Mikono yetu, wangu na wa Kalala, ilikuwa bado iko juu.

Bi Helga ndiye aliyesema kwanza, polepole. "Mzee, nani amekwambia habari za nyumba zetu za vioo?"

Nilitaka kusema nilisoma. Uongo ulikuja wenyewe mpaka mdomoni, ukakaa pale, na mimi nimetoka kuomba sasa hivi! Nikamtazama mwanangu anisaidie, naye akauona uongo huo, nadhani, akanitangulia.

"Ni mimi," Wambui akasema. "Nilimwambia kwamba mlikuwa mkiagiza nyanya zote na sasa mnalima. Ninaogopa machungwa nayo yatafuata. Baba ameomba kwa hofu yangu. Mnisamehe."

"Mzee," Kalala akaninong'oneza, "ile ya mwisho haikuwa ya kutafsiri?"

"Haikuwa, Papa Kalala."

"Bon, sawa. Ungenibonyeza."

"Nilikubonyeza!"

Bi Helga akavua glavu moja, akaiweka mezani. Akaniambia kwamba bibi yake alikuwa akisimulia moshi wa makaa ulivyofunika mji wao zamani, nguo zikianikwa asubuhi zinaanuliwa jioni zina masizi. "Bibi ndiye mtu wa mwisho niliyemsikia akiomba makaa," akasema. "Mimi nyumbani kwangu ninatembea miguu mitupu mwaka mzima. Sijawahi katika maisha yangu kusikia baridi ndani ya nyumba kama hii yenu."

Yule kijana mrefu akainua kichwa, na lilikuwa neno lake la kwanza tangu salamu: "Kama hayo makaa yapo, tafadhali yaje sasa hivi."

Kalala akacheka peke yake kwanza, halafu kijana, halafu hata Wambui akatoa sauti iliyokuwa nusu kicheko. Makaa ya mawe hatukuwa nayo, lakini mkaa wa kuchomea nyama ulikuwepo, basi tukahamisha meza mpaka uani, kwenye jua, tukakaa tumeuzunguka moto kama wachungaji. Wageni wakavua makoti. Walikula machungwa mengi. Mimi sikuweza kumeza kitu. Jioni, wakiagana, Bi Helga alimpa Wambui mkono akasema, "Tutakujulisha," neno ambalo hapa mjini huambiwa wanaoomba kazi na kuikosa.

Zikafuata siku mbaya. Wambui hakunilaumu hata mara moja, na ningependa angenilaumu. Simu ikilia, tunasimama wote wawili. Mimi kilichonisumbua zaidi sasa haikuwa biashara. Nilikuwa nimesimama mbele za Mungu nikaomba shamba la mtu lisizae, ili langu lipate. Mzee wa kanisa, mwenye mvi! Nikamwuliza Kalala kama ombi linaweza kurudishwa baada ya Amina.

"Mzee," akasema, "kwanza Amina niliisema miye peke yangu, hawakuitika. Pili, Mungu anasikia Kiswahili, hangoji tafsiri yangu. Njo kusema alikuwa amesikia ile hofu yako kabla ya mimi kuiharibu. Weye ungama, kisha lala."

Niliungama. Kulala nilishindwa.

Bi Helga alipiga simu asubuhi moja tukiwa tunakunywa chai, na Wambui akaiweka mezani ili nami nisikie. Bi Helga akasema watachukua machungwa kwa msimu huu. Msimu mmoja. Akasema wazi kwamba kwao wapo watu wanaojaribu kila kitu chini ya vioo na taa, na yeye hawezi kuapa watafika wapi, kwa kuwa tangu enzi za bibi yake nchi ile haijaacha kubadilisha inachonunua. "Wauzaji wengi huniambia tutawahitaji daima," akasema. "Wewe unajua kwamba si kweli, na unakesha. Ninapenda kununua kwa mtu anayekesha." Halafu akauliza, "Mzee yupo?"

Nikaitika kama mtoto wa shule aliyeitwa mbele.

"Zile nyumba za vioo uliziombea vibaya," akasema. "Nakuomba uziombee tena, vizuri."

Wambui akalia hapo hapo, nikajua tumepona.

Kwa hiyo nimeweka nadhiri mbili. Ya kwanza, chakula cha wageni nitakibariki kwa maneno yasiyozidi ya chai, na Papa Kalala akiwa jikoni. Ya pili ndiyo ngumu. Kila alfajiri naiombea ile nchi ndogo ambayo sitaiona kwa macho haya. Naombea nyumba zao za vioo, nazitajia nyanya, matango na maua, Bwana azibariki, zizae kwa wingi, na hapo sauti yangu inakwenda vizuri kabisa. Kisha nafika kwenye machungwa, ninakwama. Juzi Kalala alikuwa amelala kwetu, tukaomba pamoja, na nilipofika mahali pale akangoja, akangoja, mwishowe akanigusa kiwiko. "Endelea, mzee. Mimi sitafsiri."

"Na machungwa, Bwana," nikasema, "mapenzi yako yatimizwe. Lakini polepole."