Spika, Mtu Aliyeipa Gemu Mdomo

Shemeji yangu ana mwili wa kifaranga na sauti ya fahali. Mungu alipokuwa anagawa, nadhani mizigo miwili ilichanganyika, na mahali fulani kuna jitu la miraba minne linaongea kama mbu. Mtaani wanamwita Spika. Amemuoa dada yangu, kwa hiyo mimi ninayo ruhusa ya kumsema, na nikimaliza kumsema naruhusiwa kula kwake.

Siku hizo chumba chao cha mbele kilikuwa cha gemu. Tivii moja, ya zile zenye mgongo kama mjamzito. Benchi mbili, na kreti la soda lililopinduliwa, ambalo hakulikalia mtu ila Spika. Mlangoni kulikuwa na pazia alilolishona dada kwa vipande vilivyobaki kwenye nguo za wateja, kila kipande na rangi yake, ukilitazama sana unapata kizunguzungu. Dada mwenyewe alikuwa upande wa pili wa ukuta na cherehani yake. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya cherehani imechanganyika na lile vumbi la moto linalotoka nyuma ya tivii, vidole vyangu vinaanza kubonyeza hewa.

Gemu ilikuwa ya watu wa kale. Ngome, mapanga, farasi, wafalme waliogombana kabla babu wa babu zetu hajaota meno. Shujaa wake alikuwa anapanda kuta kama mjusi na kuruka juu ya mapaa. Jina lake la kigeni lilikuwa refu, linavunja meno, sisi tukambatiza Fundi Paa. Na kwa kumchezesha Fundi Paa hakukuwa na mtu mbele yangu. Sijivuni, natoa taarifa. Shule niliiacha mapema, na shule haikunililia, lakini mkononi nikiwa na padi ya kuchezea hata waliosoma walikuwa wananipisha kwenye benchi.

Sasa, ile gemu ilikuwa na hadithi. Ukimaliza kupigana, watu wanaanza kuongea, kwa lugha ambayo hatukuielewa hata chembe. Kwenye vyumba vingine vya gemu walikuwa wanabonyeza kuyaruka maongezi, wanarudi vitani. Kwa Spika ilikuwa mwiko.

"Weka padi chini!" anasema. "Hapa haturuki hadithi. Wewe kwenu mtu mzima akiongea unamruka?"

Basi padi inawekwa chini, chumba kinanyamaza, na Spika anasimama mbele ya kreti lake. Kila mtu ndani ya tivii alikuwa na sauti yake. Mfalme kipofu anaongea puani. Jemadari wa maadui anaongea kama mwenye jino bovu. Halafu kulikuwa na mwanamke mmoja wa tanuru, mfua vyuma, yule aliyekuwa anamtengenezea Fundi Paa panga lake. Huyo Spika alimpa sauti ya dada yangu, vilevile anavyogomba.

"Umelipinda tena? Hili ni panga, baba, si mwiko wa kukorogea!"

Cherehani inanyamaza. Halafu kutoka nyuma ya ukuta: "Mimi siongei hivyo!"

"Unasikia?" Spika anawaambia watu. "Hata kubisha anabisha hivyohivyo."

Tulikuwa tunacheka mpaka benchi linahama.

Alituambia mwanamke wa tanuru ni dada yake Fundi Paa, tumbo moja, vita viliwatenganisha utotoni na yeye peke yake ndiye anayejua. Mwisho wa gemu Fundi Paa anaruka ukuta wa mwisho anaondoka, mwanamke anabaki langoni na nyundo yake. Spika akashusha sauti mpaka ikawa kama mtu anaongea na mtoto aliyelala: "Nenda, ndugu yangu. Lango hili nalishika mimi mpaka urudi."

Watu wazima walilia. Kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa hana kazi wala mpango, alilia akasingizia moshi, na moshi haukuwepo. Muda si mrefu akaenda kujifunza kuchomelea vyuma. Siku hizi ana karakana yake na tunamwita Cheche. Na kulikuwa na msichana mmoja, peke yake aliyethubutu kukaa kwenye benchi lile la mafahali, ambaye sasa ni mwalimu wa chekechea. Huyo kila akipita mlangoni alikuwa anauliza, "Spika, atarudi?"

"Atarudi. Subirini gemu ya pili."

Kitu walichokuwa hawakijui ni kwamba Spika mwenyewe hakuijua ile lugha hata salamu yake. Tuliojua ni mimi na dada. Nilimuuliza siku moja, "Shemeji, umejifunzia wapi?"

"Natazama sura. Akikunja uso, kakasirika. Akiinama, ana siri. Panapobaki wazi najaza."

"Unajaza kama nini, gunia?"

"Kama gunia. Na wewe lishone mdomo wake."

Nikanyamaza. Mimi naongea sana lakini siri ya shemeji ni siri ya dada, na dada ana mkasi.

Miaka ikaenda. Kila mtu akapata simu yenye gemu yake humohumo, benchi zikaanza kubaki na nafasi, halafu zikabaki na paka. Spika akafungua meza ya kutengeneza simu kwenye chumba kilekile. Mimi nikawa mpaka rangi wa majumba, na ukitaka kujua ubora wangu waulize kuta. Hatukuonana tena kama zamani. Mkikutana njiani ni "vipi", "salama", kila mtu na haraka zake.

Halafu Jumamosi moja, nimeenda kula kwa dada, Cheche akaingia kwa Spika na boksi amelikumbatia kama anampeleka mtoto kliniki.

"Spika! Imetoka! Fundi Paa wa pili, na mashine yake mpya!" Mtu mzima, mikono imejaa makovu ya kuungua, anarukaruka. "Nakuachia uifunge kwenye tivii. Kesho mchana tunakuja wote. Nimeshamwambia mwalimu. Bila wewe siwashi."

Akaondoka anapiga mluzi. Mimi na Spika tukaifunga kwenye tivii mpya bapa ya Spika, tukawasha kuijaribu. Picha ilikuwa nzuri mpaka nikajikuta nakaa vizuri kama niko kwa wakwe. Ikaanza kutukumbusha yaliyotokea sehemu ya kwanza. Na pale chini, kwa Kiswahili safi, maandishi.

Mwanamke wa tanuru akatokea. Akafungua mdomo. Maandishi yakasema: *Uliichoma nyumba ya baba yangu. Nilikufulia panga ambalo siku moja lingekuvunjikia mkononi.*

Spika akakaa kwenye kreti.

"Si dada yake," akasema.

"Si hata jirani," nikasema. "Huyu anataka kumzika."

"Shemeji, Cheche amejenga maisha yake juu ya huyu mwanamke. Kesho atakaa hapo, atasoma, atanigeukia. Wote watanigeukia. Miaka yote ile wataiona ni ya kuchezewa." Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti yake ikiwa ndogo. Safari hii ililingana na mwili.

Tukatafuta pa kuzima maandishi. Tulibonyeza huku na kule, tukafanikiwa kuzima sauti, tukahangaika kuirudisha. Mwisho Spika akaenda kwa dada, akarudi na kipande cha kitambaa cha suti na utepe wa gundi. Akakibandika chini ya kioo, kikafunika maandishi yote.

Dada akachungulia. "Mnaivisha tivii sketi?"

"Kuna ufa huku chini, mama watoto."

"Ufa uko juu ya shingo yako," akasema, akarudi kazini.

Jumapili mchana wakaja. Nyuso zilezile, vitambi vipya. Mwalimu alikaa palepale alipokuwa anakaa zamani, bila hata kutazama. Cheche akaniwekea padi mkononi kama mtu anarudisha ufunguo wa mji. Spika akasimama.

Na yule mtu akasema! Mfalme puani, jemadari na jino lake bovu. Nilimwona mwalimu amefumba macho anatabasamu. Wakati ule nikasema moyoni, shemeji, umepona.

Ila mimi sasa nikaanza kufa. Nakufa ukutani, nakufa sokoni, nimeuawa na mlinzi mmoja mzee ambaye zamani ningempiga kwa padi ikiwa imezimwa. Kumbe kipimo cha damu ya Fundi Paa wamekihamishia chini ya kioo, kiko ndani ya sketi. Sijui kama nina damu ya kutosha au nina tone.

"Mfalme wa padi amezeeka!" Cheche akapiga kelele. "Mleteeni mkongojo!"

"Ni gemu!" nikasema. "Farasi anakimbia kama amevaa viatu vya kuazima!"

Hapo nikawa nimefungua mlango. "Ni kweli," akasema mmoja, "na ukuta Fundi Paa anaupanda mwenyewe bila kubonyezwa, zamani vidole vilikuwa vinaota sugu." Mwingine akasema maji yamechorwa vizuri lakini mji hauna watu wa kupiga nao soga. Mwalimu akasema Fundi Paa amenyolewa vibaya. Kila mtu na lake, walilalamika kwa raha kabisa, kama watu wanaosifu.

Nikafa tena. Cheche akainama mbele ya tivii. "Ngoja, damu yake iko huku chini. Spika, sketi yako inaua mtu!" Na kabla hatujasema kitu, akaichana.

Bahati mbaya ina macho. Mwanamke wa tanuru ndiyo alikuwa amefika langoni. Spika alikuwa katikati ya sentensi, kwa sauti ya dada yangu: "Ndugu yangu, nilikungoja..." Na chini maandishi yanasema: *Nimekungoja nikumalize.*

Watu walisoma. Cherehani upande wa pili ilinyamaza.

Mwalimu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. "Wamekosea!"

"Wamekosea kabisa!" Cheche akadaka. "Huyu ni dada yake! Hawa waliotengeneza ya pili hawakuicheza ya kwanza?"

"Wameharibu hadithi!"

"Wameajiri watu wasiojua historia ya watu!"

Jamani. Sijawahi kuona mtu anaokolewa namna ile. Nikamkonyeza Spika: nyamaza, kula baraka zako. Chumba kizima kimekasirika na hakuna aliyemkasirikia yeye.

Mwalimu akatoa simu. "Kuna ukurasa wao, wachezaji wa dunia nzima wanaandika humo. Lugha yao naijua siku hizi. Nawaandikia." Akawa anaandika huku anatutafsiria: "Sisi wachezaji wa zamani tunaona aibu kwa niaba yenu. Mmesahau kwamba hawa ni ndugu wa tumbo moja. Mmesahau maneno yake langoni..."

"Waambie!" Cheche anasema. "Weka na jina langu!"

Spika alikuwa anakitazama kidole gumba cha mwalimu. Nikatikisa kichwa. Hakunitazama.

"Mwalimu, usitume."

"Kwa nini? Lazima wajue."

"Watakucheka. Dunia nzima itakucheka, na kosa si lako." Akakaa kwenye kreti. "Hawajakosea. Yule mwanamke hajawahi kuwa dada wa mtu. Ile lugha mimi sikuijua, siijui. Nilitunga."

Mimi nikaacha kutikisa kichwa, nikakishika.

Mwalimu akashusha simu taratibu. "Na mfalme kipofu?"

"Hakuwa kipofu. Walimchora vibaya macho."

"Na farasi aliyelia msibani?" akauliza mwingine.

"Mvua ilikuwa inanyesha."

"Na jemadari kuumwa jino?"

"Hilo nilikuwa naumwa mimi."

Mwalimu akapasuka kucheka, akajifunika uso na khanga, na chumba kikamfuata. Ila Cheche hakucheka. Aliinuka, akapita kwenye pazia, akasimama nje ametupa mgongo. Spika akamfuata mlangoni.

"Siku ya kwanza kukutana na mke wangu," Cheche akasema bila kugeuka, "nilimsimulia habari za yule mwanamke. Nikamwambia, ndiyo maana nashika moto. Kumbe nilikuwa namsifia mtu ambaye hayupo."

"Yupo," Spika akasema.

"Wapi?"

"Nyuma ya ukuta huu, anashona. Yale maneno yote niliyachota kwake. Yule wa kwenye tivii nilimvalisha tu."

Kutoka ndani tukasikia: "Na sijawahi kuapa kumuua mtu! Ila leo nimekaribia, maana kitambaa mlichokichana ni cha mteja!"

Cheche mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikaangalia pembeni kwa heshima. Alikuwa anacheka. Akafuta macho kwa kiganja chake kigumu, akarudi ndani, akavuta benchi karibu na kioo.

"Haya. Mimi nasoma ya kwao, kwa sauti. Wewe sema ya kwako. Tuone nani anajua hadithi."

Basi mchana ule wote ikawa hivyo. Cheche anasoma: *Panga hili litakuangusha.* Spika anajibu kwa sauti ya dada: "Umelipinda tena, na ya pili hii!" Mwalimu ndiye mwamuzi, na kila mara anampa ushindi aliyetunga. Dada alihamishia kazi yake ndani, akakaa anapinda suruali ya mtu na kusahihisha: "Hapo singesema hivyo. Ningesema, mtoto wa mwenzio akipotea usimchekee." Spika anarudia vilevile. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza kwa kukaa bila kazi, lakini iliendelea kupanda.

Nami kwenye lango kuu nilikutana na yule jemadari, farasi mweusi, walinzi pande zote. Nikampiga mapigo matatu, la mwisho nikiwa hewani. Kazi safi kabisa, haijawahi kufanywa na mtu kwenye mtaa ule. Nikageuka nipokee sifa zangu.

Hakuna hata mmoja aliyekuwa anatazama tivii.