Kiungo Aliyeikataa Penalti

Kiungo wetu alicheza na soksi zimeshuka hadi vifundoni. Mpira ukifika mguuni mwake ulitulia, lakini yeye hakutulia kamwe: alimfokea beki, alimfokea kocha, aliufokea hata upepo. Klabu kubwa za Kampala zilimsajili moja baada ya nyingine, na kila moja ilimfukuza kabla msimu haujaisha. Ndivyo timu yetu sisi wachuuzi wa soko la Owino ilivyompata, miaka ile ya tisini.

Siku ya fainali na vijana wa Luzira, mechi ikielekea ukingoni, bila kwa bila, aliwapiga chenga mabeki hadi wakakaa chini, kisha akaanguka ndani ya boksi. Refa akapuliza penalti. Tulikuwa tumeshaanza kukumbatiana alipoinuka, mishipa ya shingo imemsimama, akamkimbilia refa.

“Wewe refa, macho yako iko wapi? Huyu hajanigusa! Mimi nimeteleza!”

“Lakini penalti ni yenu, ssebo,” refa akanong’ona kwa heshima, akimwita bwana.

“Sitaki! Futa!”

Akampokonya filimbi, akaipuliza mwenyewe. Kadi nyekundu ikatoka, uwanja mzima ukaangua kicheko. Hamim, nahodha wetu, aliipiga penalti ile huku machozi ya kicheko yakimtoka. Ikapaa juu ya mwamba. Muda si muda Luzira wakatufunga. Filimbi ya mwisho ilipolia, waliliacha kombe lao nyasini, wakaenda kumbeba yeye mabegani, naye huko juu akawafokea: “Munabeba vibaya! Wewe wa kushoto, inua!”