Jina Lililokatwa kwa Kalamu Nyekundu

"Lakini mama, watoto wengine wote walicheka," mwalimu aliniambia.

Hapo uvumilivu wangu ukaisha. Niliipiga meza yake kwa kiganja mpaka penseli zikamwagika. Binti yangu wa miaka tisa, aliyesimama mlangoni, akaziba masikio.

Tulikuwa Fort Worth, siku chache kabla ya kuhamia Missouri City, ambako mume wangu alishatangulia kuanza kazi ya ghala. Darasani walikuwa wanasoma habari za wakulima wa zamani wa nchi hii, waliopakia familia nzima kwenye magari ya ng'ombe wakaenda magharibi kutafuta mashamba. Mwalimu alipanga madawati kama magari, akayafunika mashuka. Kila mtoto aliandika orodha ya familia yake, kisha akaokota kadi. Mmoja, gurudumu limevunjika. Mwingine, ng'ombe amezama mtoni. Wangu akaokota kipindupindu: kata jina moja kwa kalamu nyekundu, endelea na safari.

Wenzake walikuwa wameandika majina ya kubuni, wengine hata mbwa. Wangu alituandika sisi wanne, majina kamili na tarehe za kuzaliwa, kama tulivyozoea kuandikwa. Akamkata mdogo wake wa miaka mitatu, kwa sababu ndiye alikuwa wa mwisho.

Sisi jina kwenye karatasi si mchezo. Kambini, tulipokuwa wakimbizi, tulikula kwa karatasi ya mgao: asiye na jina hapo hapati chakula. Ile ya wazazi wangu ninayo mpaka leo kwenye bahasha, na ina jina moja lililokatwa kwa wino mwekundu: mdogo wangu, aliyekufa kwa kipindupindu mvua za kwanza. Binti yangu aliiona tukifungasha, akauliza huyu nani. Nikamdanganya.

"Karani alikosea."

Hakuniamini. Baada ya ule mchezo, mdogo wake akikohoa tu, anamwekea sikio kifuani. Nguo za huyo mdogo wake akazitoa zote kwenye maboksi ya safari.

"Tukienda atabaki njiani," aliniambia. "Nimeshamkata."

Nikampigia mume wangu, nikamweleza. Naye akasema:

"Hawa watu bwana! Babu zao walizikana njiani, wao wanafanya mchezo!"

"Usinichekeshe. Mtoto hali chakula."

"Basi mwambie ukweli wa ile karatasi, mama."

"Nimemwambia. Ndiyo kwanza mambo yamezidi."

Kweli nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimeanza na mimi kusikiliza kile kikohozi. Ndipo nikaenda kwa mwalimu, nikaipiga ile meza.

"Ni historia tu," mwalimu aliniambia huku anaokota penseli zake.

"Historia ya nani? Yangu bado iko kwenye bahasha."

Nikamshika binti yangu mkono, tukaenda ofisini kuomba fomu ya malalamiko. Niliijaza kwa Kiswahili, watafute wenyewe wa kuwatafsiria. Niliandika:

"Mtoto wangu alilazimishwa kumchagua wa kufa katika familia yake. Sasa hali, na anaamini mdogo wake atakufa kwa mkono wake. Mimi pia nilikosea, nilimficha habari za marehemu, lakini kalamu mlimpa ninyi. Sitaki barua ya pole. Nataka mwalimu akae naye, wachukue orodha ileile, na lile jina liandikwe upya, wote wanne tuwemo. Lifanyike kabla ya Ijumaa. Jumamosi tunasafiri."

Nikatia sahihi. Binti yangu akaisoma fomu yote kwa kidole, kisha akaipeleka dirishani pa mapokezi yeye mwenyewe.